Benchi la Fundi Kivuli

Karakana ya matengenezo, Makumbusho ya Sanaa
3 Februari

Shikamoo Mama,

Mimi hunijui, ila kazi ya mikono ya baba yangu unaijua. Ni binti wa yule fundi mwashi uliyempachika jina la Kivuli miaka thelathini na moja iliyopita, wakati unajenga Makumbusho haya na vijana wa saiti wakikuita Mama Rula, kwa vile rula haikukutoka mkononi hata ukinywa chai. Jina lako lilibaki saiti. La baba lilimfuata mpaka nyumbani. Mpaka leo mwenye duka wa mtaani kwetu akimwona anasema, "Kivuli, karibu kivulini," halafu anajichekea mwenyewe. Na mimi ni Binti Kivuli hata kwenye daftari la mahudhurio.

Nakukumbusha kisa chenyewe, maana kila mtu hapa anakisimulia kwa chumvi yake. Kwenye mchoro wako wa ukuta wa mbele, ghorofa ya juu imechomoza nje, na chini yake ulipaka kivuli chake kwa wino, kama mnavyofanya nyinyi wasanifu ili ukuta usionekane bapa. Inasemekana baba aliuona mstari wa mwisho wa kile kivuli akadhani ni kitu cha kujengwa. Ulisafiri wiki mbili. Uliporudi ukakuta benchi la mawe la mita ishirini na sita, limeshakauka.

Mkurugenzi wetu mpya anataka benchi hilo livunjwe tarehe 2 Aprili, ili jengo lirudi kama ulivyolichora, kabla ya maonyesho ya michoro yako mwezi wa sita. Kazi ya kulivunja amenipa mimi, kwa sababu ndimi fundi mkuu wa matengenezo. Sijui kama anajua mimi ni mtoto wa nani. Nadhani anajua.

Mama, wewe huko mbali huoni wanaokaa pale. Hospitali kuu bado iko ng'ambo ya barabara. Watu wanasubiri saa ya kuona wagonjwa, wanakaa, wanachoka kukaa, wanachungulia ndani, wanaingia. Mwaka jana kulikuwa na mama mmoja, mumewe alilazwa wodi ya mifupa wiki sita. Alianza kuingia kwa ajili ya feni. Wiki ya tatu akamsahihisha mtembeza wageni wetu mbele ya watu, kwenye ile picha ya mwanamke aliyeinamia meza: "Huyu hajalala, anasubiri. Mimi kusubiri nakujua." Sasa mtembeza wageni anaeleza hivyohivyo, na hasemi alikotoa.

Nakuomba mistari miwili tu. Andika kwamba benchi ni lako, kwamba ulilichora kwenye karatasi nyingine iliyopotea. Najua nakuomba uongo. Nakuomba hata hivyo.

Wako,
Binti Kivuli


14 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia baba yako yu hai.

Uongo siandiki. Ukuta ule niliuchora ushuke moja kwa moja mpaka ardhini, bila kitu cha kuusumbua, mtu akitoka kwenye kelele za barabara akutane na utulivu. Miaka miwili nilikaa na mstari ule mmoja. Siku niliporudi kutoka safari nilijifungia kwenye gari nikalia kama mtoto.

Nikamwita baba yako. Alisimama mbele yangu ameshika kofia kwa mikono miwili, akasema, "Samahani mama, macho yangu hayakusoma vizuri." Zilibaki wiki tatu tufungue. Ningeweza kubomoa, lakini nilimwonea huruma. Mtu amekosea kwa moyo mweupe, utamfanya nini? Angenibishia, ningebomoa siku ileile, na yeye ningemfukuza.

Kwa hiyo benchi lile ni kosa nililolivumilia. Siwezi kulitetea zaidi ya hapo. Miguu yangu haishuki ngazi tena, siku hizi naiona barabara kupitia dirishani tu, na mambo ya majengo nimewaachia wenye nguvu.

Msalimie sana mzee.

Mama Rula


MAKUMBUSHO YA SANAA
Ofisi ya Mkurugenzi
20 Februari

Kwa: Fundi Mkuu, Matengenezo

YAH: KUONDOLEWA KWA KIZUIZI CHA MAWE, UKUTA WA MBELE

Rejea maelezo yako ya mdomo ya jana mbele ya wafanyakazi wengine, ambayo sitayarudia hapa.

Unakumbushwa kwamba kazi tajwa itafanyika tarehe 2 Aprili kama ilivyopangwa. Hoja yako kuwa kizuizi hicho kinatumiwa na wananchi imepokelewa. Hata hivyo, wanaoketi hapo si wageni wa Makumbusho. Hawakuja kwa ajili ya sanaa; wamekuja hospitali. Jukumu la taasisi hii ni kuhifadhi kazi bora, na jengo lenyewe ndiyo kazi bora ya kwanza tuliyo nayo.

Aidha, msanifu mwenyewe, kwa barua yake ya tarehe 10 Januari, ameridhia kwa maandishi kuondolewa kwa kosa hilo la ujenzi. Nakala imeambatishwa.

Kukaidi agizo hili kutahesabiwa kuwa utovu wa nidhamu.

Mkurugenzi


25 Februari

Mama,

Leo shikamoo nimeisahau makusudi.

Tarehe 10 Januari! Wiki tatu kabla sijakuandikia ulikuwa umeshatia sahihi baba avunjiwe kazi yake, halafu ukanijibu habari za miguu na ngazi. Ungeniambia tu. Ningekasirika, lakini ningejua nazungumza na nani.

Nimemjibu Mkurugenzi kwa neno moja: Sibomoi. Akanijibu kwa kunisimamisha kazi bila muda maalumu. Nimerudisha stoo nyundo zote, patasi zote na mwiko, vyote safi, nikaomba mtunza stoo anisainie, asije mtu akasema Binti Kivuli kaondoka na kitu. Baba hajui. Nimemwambia niko likizo. Kila asubuhi ananiuliza likizo gani hii isiyoisha, na mimi namwongezea chai ili anyamaze.

Nimelelewa na lile kosa. Shuleni walinichora nikiwa nimekalia hewa. Nilipokwenda kusomea ufundi, mwalimu alilitolea mfano darasani siku ya kwanza: "Someni mchoro vizuri, msije mkajenga kivuli." Darasa zima likaangua kicheko na mimi nikacheka nao. Kicheko kile bado nakionea aibu.

Sasa nakwambia. Ukuta wako ni mzuri, nimeupiga rangi mara nne kwa mkono wangu na sijawahi kuona mshono. Lakini watu hawawezi kukalia uzuri wako, Mama. Wanakalia kosa la baba. Na kama wewe na Mkurugenzi mnaona hao hawakuja kwa ajili ya sanaa, basi fungeni mlango mkae ndani wawili mtazamane.

Na jambo la mwisho. Hiyo michoro unayo. Kabla hujawapa watundike ukutani, ifungue uangalie hicho unachosema baba alikisoma vibaya. Rula unayo.

Binti Kivuli


4 Machi

Kwako Fundi,

Habari za siku nyingi. Barua hii ni yako, atakayekusomea akusomee yote.

Binti yako amenitolea uvivu. Siku tatu nilimkasirikia, kwanza kwa kuwa hana adabu, na zaidi kwa kuwa alisema kweli kuhusu ile sahihi. Niliificha kwa aibu. Mkurugenzi alinisifu kurasa tatu na mimi nikalainika. Uzee una njaa ya sifa kuliko nilivyodhani. Siku ya nne nikavuta kasha kutoka chini ya kitanda na kuufungua mchoro wa ukuta wa mbele.

Umechorwa kwa kipimo cha moja kwa hamsini. Nikaweka rula. Kutoka mstari wa ardhi mpaka ukingo wa chini wa kivuli ni milimita kumi na nane. Maana yake, ukutani ni sentimita tisini. Kiunoni kwa mtu.

Humohumo kwenye kasha kuna daftari langu la saiti. Siku ile ya kulia, kabla sijakuita, nililipima benchi lako na kuandika kwa kalamu iliyotoboa karatasi: kimo 45, upana 40, uso una mwinamo kidogo kuelekea nje, kingo zimeviringwa. Niliandika nikafunga daftari. Miaka thelathini na moja sikuwahi kuviweka vitu viwili hivi pamoja mezani.

Fundi, mtu akisoma mstari vibaya anaujenga palepale ulipo. Wewe ungejenga rafu ya kiunoni ambayo hakuna binadamu angeweza kuikalia. Na kivuli kwenye mchoro hakina upana. Hiyo arobaini uliitoa wapi? Nani alikuambia uweke mwinamo, mvua isituame? Nani alikuambia uviringe kingo, zisikate watu nyuma ya magoti?

Ulijitia hamnazo. Ulisimama mbele yangu na kofia yako ukanidanganya mchana kweupe, nikakuhurumia, nikakupachika jina. Na sasa binti yako amesimamishwa kazi kwa sababu ya uongo huo.

Nataka kujua kwa nini. Nataka kukusikia wewe.

Mama Rula


13 Machi

Kwako Mama Rula,

Anayeandika ni mwanangu, maana macho yangu yameingia ukungu. Nimemkataza kuongeza na kupunguza. Alipokuwa ananisomea barua yako alifika mahali akataka kuruka mstari. Nikamwambia, rudi hapo. Ndipo nikajua likizo yake ni likizo gani. Tumegombana, tumeshapatana, tuendelee.

Ndiyo. Nilijua.

Nilikuwa nimejenga miaka ishirini kabla sijakutana na wewe, ningeshindwaje kujua kivuli cha kwenye mchoro? Tena ulikuwa unachora vivuli vizuri kuliko wote niliofanya nao kazi. Nilisema macho hayakusoma kwa sababu nilikwishajua ulivyo. Ningekuambia nimekusudia, ungebomoa, maana wewe kichwa ngumu na mimi kichwa ngumu, na mwenye sahihi ni wewe. Nikikuambia nimekosea, utanihurumia. Nikachagua kuhurumiwa. Jina la Kivuli nimelibeba kama nilivyobeba mifuko ya saruji: mwanzoni linaumiza, baadaye bega linazoea.

Umeuliza kwa nini. Mwaka ule mama wa huyu anayeandika alilazwa ng'ambo ya barabara, miezi mitatu. Watoto hawakuruhusiwa wodini. Mwanangu alikuwa na miaka tisa. Akitoka shule anakuja saiti, anakaa juu ya rundo la matofali, anatazama dirisha la tatu kutoka kushoto, kwa sababu nilimwambia mama yake yuko hapo. Watu wengine wa hospitali wakaona mtoto amekaa, wakaja nao wakakaa. Wewe uliniuliza siku moja wale ni nani, nikasema wanauza matofali. Uliamini.

Tatizo ni kwamba matofali yale ndiyo yaliyokuwa ukuta wako. Kila siku nachukua, rundo linapungua. Siku moja nikamwambia mwanangu, inuka, nalitaka hilo. Akainuka, akahamia kwenye lingine. Nikaona kazi yangu ikiisha vizuri, huyu atakosa pa kukaa.

(Hapa ni mimi, Mama. Nimeacha kuandika kwa muda nikatoka nje. Nilikuwa nakumbuka yale matofali. Nakumbuka dirisha. Sikuwahi kuambiwa kwamba lile benchi lilikuwa langu. Miaka yote hii nalipiga brashi na maji ya sabuni kila Jumatatu, na sikujua. Baba anagonga meza kwa kidole, anasema nisipoteze karatasi ya watu.)

Ulipoondoka kwenda safari nikachukua mawe yaliyobaki ya msingi. Kimo nilipima goti la mtu mzima. Mwanangu akikaa miguu ilikuwa inaning'inia, nikasema atakua. Upana ni wa mtu kuegemea ukuta na kumlaza mtoto mapajani. Mwisho wa benchi niliufikisha mlangoni kabisa, na hilo ndilo ninalojivunia. Anayekaa mwisho anaona mpaka chumba cha kwanza cha picha. Mtu wa kawaida jumba kubwa kama lile haingii kwa sababu limeandikwa karibu. Anaingia kwa sababu amekaa karibu na mlango mpaka akauzoea.

Mke wangu hakutoka. Benchi lilikuwa limekauka siku nne alipofariki. Mwanangu alilikalia siku hizo nne tu, halafu likabaki la wengine.

Sasa mwambie huyo Mkurugenzi kwamba si kosa. Nimehurumiwa miaka thelathini na moja, inatosha. Akitaka kuvunja avunje, lakini ajue anavunja kazi ya mtu aliyekusudia. Na mimi siku hiyo nitakuwa nimeikalia.

Wewe sikukasirikii. Ukuta ni mzuri. Hata mimi iliniuma kidogo kuuwekea kitu.

Fundi Kivuli


22 Machi

Kwa Mkurugenzi, Makumbusho ya Sanaa

Ndugu,

Nafuta barua yangu ya tarehe 10 Januari. Nilitia sahihi juu ya jambo nisilolijua, na walionijulisha ni fundi ambaye kazi yake umeiita kosa na fundi uliyemsimamisha kazi.

Pamoja na barua hii utapata nakala ya kipimo cha mchoro, nakala ya ukurasa wa daftari langu na nakala ya maelezo ya mwashi mwenyewe. Soma zote tatu umekaa. Usipopata kiti, liko benchi nje.

Nilikuahidi michoro yangu sitini na miwili ya asili. Ahadi iko palepale, kwa sharti moja. Mchoro wa ukuta wa mbele nimeuchora upya kwa mkono wangu huu, benchi likiwemo, na tarehe ya mwezi huu, asije mtu akaniita mghushi. Mchoro huo na benchi lenyewe havitenganishwi. Benchi likiguswa tarehe 2 Aprili, michoro yote sitini na miwili nitawagawia wauza karanga wafungie. Wananipenda hapa mtaani, watashukuru.

Umeandika kwamba wanaokaa pale hawakuja kwa ajili ya sanaa. Mimi mara ya kwanza kuingia makumbusho maishani nilikuwa nakimbia mvua. Nilikuwa na miaka kumi na sita na viatu vimejaa maji. Mlinzi angeniuliza nimefuata nini, nisingekuwa na jibu, na wewe leo usingekuwa na jengo la kuhifadhi. Jengo la namna hii linajengwa kwa ajili ya yule ambaye bado hajui kwamba amelifuata. Nilifundisha maneno hayo vyuoni miaka mingi, halafu mwashi akayatekeleza nikaenda kulia garini.

Fundi wako mkuu umrudishe kazini kabla ya tarehe hiyo, kwa maandishi.

Nimeambatisha na maneno ya kibao cha maelezo. Yawekwe kama yalivyo, kwa herufi zilezile mnazowekea picha za ndani.

Mama Rula
Msanifu


4 Aprili

Mama,

Nakusimulia kwa mpangilio, maana baba anasimulia vibaya kwa majirani na anaanza kupiga chuku.

Juzi, tarehe 2, saa moja asubuhi baba alivaa suruali ya kazi na ile kofia. Nikamwambia barua yako pengine haijafika. Akasema hakuna tatizo, yeye amefika. Akakaa mwisho kabisa, kwenye nafasi ya mlangoni, mimi kando yake. Vijana wa kampuni waliokodiwa badala yangu walikuja saa mbili na nyundo ya umeme. Wa kwanza alimsalimia baba kwa adabu zote, akaomba apishe kidogo. Baba akamwambia, "Mwanangu, mimi kupisha nimeshapisha miaka thelathini na moja." Kijana akazima mashine akaenda kutafuta mkubwa wake.

Watu wa hospitali walikuwa wanaanza kufika. Hakuna aliyewaambia chochote. Walimwona mzee amekaa, wakakaa. Kufikia saa tatu benchi lilikuwa limejaa mita zote ishirini na sita, na vijana wawili wa kampuni wamekaa nao, wanakula mihogo ya kuchoma ya mtu.

Mkurugenzi alitoka na karatasi zako mkononi. Nilijua ni zako kwa ule mwandiko uliosimama wima. Alisimama muda mrefu anatazama kingo, halafu akainama akazipitishia kiganja, kama vile hajawahi kupita pale kila siku. Akamuuliza baba, "Mzee, kweli ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukakubali kuchekwa?"

Baba akamwambia, "Waliokuwa wanacheka walikuwa wamekaa."

Nimerudishwa kazini kwa maandishi, kwa barua kavu yenye YAH yake. Hakuniomba radhi na mimi sikumdai. Kibao alikubali, ila alijaribu kunishawishi tubadilishe neno moja, akasema si neno la kitaalamu. Nikamwambia sibadilishi. Naona neno hilo la sibadilishi sasa analizoea. Nimekitundika mwenyewe jana, kimo cha macho ya mtu aliyeketi. Nakuandikia kilivyo, uone kama sijakosea herufi:

BENCHI
Fundi Kivuli
Mawe, saruji na ubishi
Halimo kwenye mchoro wa kwanza. Si kosa.
Tafadhali kaa.

Nilimsomea baba. Akaomba nirudie mstari wa nne. Nikarudia. Akaomba tena. Mara ya tatu alivua kofia akaiweka gotini, na mimi nikamwacha. Baadaye mwenye duka alipita akielekea hospitali, akaanza, "Kivuli, karibu..." Baba akamkata: "Karibu wewe. Kaa."

Dirisha la tatu kutoka kushoto bado lipo, Mama. Wamelibadilisha vioo tu. Nimelitazama mpaka saa ya kuona wagonjwa ikafika, na safari hii miguu yangu ilikuwa inagusa chini.

Shikamoo. Ni ile ya Februari.

Binti Kivuli
Fundi Mkuu